Kibuyu Chini ya Mfuko

Skrubu alikuwa mtu wa kuokota. Simsengenyi marehemu, lakini ukweli usemwe: fundi redio yule hakuwahi kuruka msumari barabarani bila kuinama. Alikuwa na kopo la maziwa lililojaa skrubu na droo nzima ya vifuniko visivyo na chupa. Mkewe, fundi cherehani, akilalamika, yeye anajibu, "Kitafaa tu siku moja." Ndipo watu wakampachika jina hilo. Naye akampachika mkewe lake: Futi, kwa sababu futi ya kupimia nguo haikumtoka mama yule shingoni hata akiwa jikoni. Jina la Futi lilikuwa la mdomo wa Skrubu peke yake. Tangu azikwe, miezi minne sasa, hakuna aliyelitamka.

Na sauti yake haikubaki popote. Picha zilikuwepo tele, lakini kujirekodi hakutaka hata kusikia. Alidai kwenye simu anasikika kama mbuzi mwenye mafua. Mjane wake alikuwa akikaa mbele ya cherehani, anafumba macho, anajaribu kumsikia akiita "Futi." Mwanzoni aliweza. Siku hizi alikuwa anasikia sauti yake mwenyewe tu, na jambo hilo lilimtisha kuliko upweke.

Basi alasiri moja akaja dada wa marehemu, mwenye duka la vitabu mtaa wa pili. Wawili hawa waliitana wifi, na Skrubu enzi zake hakuacha kuwatania: "Nyumba hii wifi ipo, ila ina kelele na haina nywila."

"Wifi, acha kushona kidogo," alisema yule dada. "Kuna kitu kilinitoka kabisa akilini, na leo nimekikumbuka dukani nikabaki nimeduwaa. Ule mchezo wetu wa shimoni."

Mjane aliujua. Nani asingeujua? Kila Jumapili kwa miaka sita, kaka na dada walikaa mbele ya kompyuta, shujaa wao anashuka shimo refu ngazi kwa ngazi, anapigana na mazimwi na kuokota mali. Skrubu alimbembeleza mkewe acheze naye mpaka akachoka. Jibu lilikuwa moja: "Niondolee utoto wako hapa."

"Mle ndani kuna kibuyu cha sauti," wifi akaendelea. "Unasema neno lako, unaziba. Ukikutana na zimwi, unazibua, linasikia mtu anasema, linatimua mbio. Kaka alikijaza, hakukitumia. Aliniambia, 'Hiki nimemsemea mke wangu. Siku atakayokubali kucheza, namzibulia.'"

Sindano ilisimama. "Amesema nini?"

"Hakuniambia. Si unamjua?"

Walikwenda chumba cha nyuma. Mjane aliondoa kifuniko cha kitambaa alichoishonea kompyuta hiyo mwenyewe, polepole kama anayemvua mgonjwa nguo. Mchezo ulipofunguka, shujaa wa Skrubu alikuwa amesimama katikati ya daraja la kamba, chini yake shimo jeusi lisilo na mwisho. Wifi akabonyeza atembee. Hatembei.

"Lo! Kazidiwa na mzigo. Kaka jamani!"

Mfuko wa mchezo ule ulikuwa na tabia za mfuko wa kweli: kilichotangulia kuingia kinakaa chini, na hukifikii mpaka utoe vya juu. Na vya juu sasa! Mishumaa thelathini na miwili. Panga tisa zilizokatika. Kiatu kimoja cha kushoto. Mjane alicheka, kicheko cha kwanza tangu msiba, kisha machozi yakamtoka bila kuaga, maana yule alikuwa ni mumewe mtupu, hakupungua hata chembe.

"Tupunguze," wifi akasema, akawa anagonga herufi moja ya kibodi, tap, tap, vitu vinaporomoka kutoka darajani. "Ila ujue, kikianguka hapa ndiyo basi. Mchezo unajihifadhi wenyewe kila hatua, hakuna kurudi nyuma."

Mwisho kabisa, chini ya mfuko, kikaonekana. Kibuyu kidogo, na pembeni yake maneno aliyoyaandika mwenyewe: *Kwa Futi*.



"Sikiliza, wifi," dada mtu alisema polepole. "Kikizibuliwa kinapasuka. Ni mara moja tu. Kwa hiyo tunarekodi kwa simu yangu." Akaitoa mfukoni. Imezimika, haina chaji. Akasonya. Ya mjane ilikuwa kitochi, ya kupiga na kupokea tu. "Nakimbilia chaja dukani. Dakika tano. Usiguse!"

Akatoka mbio, kandambili zinapiga sakafu.

Mjane akabaki na kibuyu. Hakutaka kugusa, Mungu shahidi. Alitaka tu kulisoma lile jina kwa karibu. Akasogeza kipanya, kidole kikalemea, na kisanduku kikachomoza kikiwa na vitufe vitatu: *Tumia. Vaa. Acha.*

Tumia maana yake kuzibua, na simu haipo. Kisanduku kimeganda pale, kinasubiri, na yeye hajui kukifunga. Vipi kama kitajizibua chenyewe? Vaa, hapana, kibuyu hakivaliwi. Akajikaza. Kiache kilivyo, akajiambia, kiache mpaka wifi arudi. Akabonyeza *Acha*.

Kibuyu kikatoka mfukoni. Kikadunda mara moja kwenye ubao wa daraja, kikapita katikati ya kamba, kikawa kidogo, kidogo, mpaka weusi ukakimeza. Hakikutoa sauti yoyote. Kwenye skrini yakatokea maneno: *Umeacha: Kwa Futi.* Na shujaa, mzigo umempungua, akajinyoosha mgongo.

Wifi alimkuta amekaa vilevile, mkono juu ya kipanya. Alisoma skrini. Chaja ikamponyoka.

"Umebonyeza nini?"

"Nilikiacha," alisema mjane. "Nilitaka kukiacha tu."

Wifi alihangaika na vitufe robo saa nzima, akafungua, akafunga, akafungua tena. Daraja lilikuwa tupu. Mwishowe akapiga meza kwa ngumi. "Mimi nabonyeza herufi tu, hata sijawahi kuvisoma hivyo vitufe! Wangeandika tupa, wangeandika dondosha! Mjinga gani aliandika acha?"

Mjane alikumbuka. Mchezo ule uliletwa na watu wa mbali, na Skrubu na wachezaji wenzake ndio waliojitolea kuutia Kiswahili. Alikuwa akija na daftari lake mpaka kwenye cherehani, anamkatiza kazi. Siku moja mkewe alikuwa anapinda gauni la bibi harusi, pini zimejaa mdomoni. "Futi, mtu amechoka na mzigo, akaweka kitu chini, akaenda zake. Neno moja tu, utasemaje?" Pini zilikuwa zinamchoma, na mteja alikuwa anangoja mlangoni.

"Acha!" alimfokea. Alimaanisha aache kumsumbua.

Skrubu alifurahi kama mtoto. Aliliandika, akalipigia mstari, akambusu utosini na kuondoka na daftari lake.

"Ni mimi," alimwambia wifi yake. Akakichukua kile kifuniko cha kitambaa, akaifunika kompyuta, akanyoosha pindo mpaka likakaa sawa.