Pini kwenye Pindo

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Manyunyu yalianza kabla hakujapambazuka, na binti alipita kwenye tope akijitahidi asichechemee.

Mama yake, fundi cherehani, alitazama mguu ule kwa aibu. Miezi mizima alikuwa akimwambia, "Acha uvivu, kachote maji," hadi eksirei ilipoonyesha kinundu kwenye mfupa, juu ya goti. Daktari alisema kwa vijana wa umri wake vinundu vingi si saratani, ila hiki kilikuwa kikikua. MRI, ile mashine ya sumaku, ndiyo ingesema kweli. Mashine ilikuwa moja tu, na zamu waliisubiri tangu mwaka jana.

Waliambiwa asivae chuma chochote. Mama akamshonea gauni lisilo na zipu wala kifungo, akiomba dua kila mshono.

Hospitalini, kwenye mlango wa chumba cha MRI, mpimaji alimpitishia binti kifaa cha kukagulia chuma. Kilipofika chini kikalia.

"Mama, kuna kitu kwenye pindo," mpimaji alisema.

"Haiwezekani, mwanangu. Nimeshona mwenyewe."

Akapapasa. Pini. Ile aliyoshikizia pindo, akaisahau. Akafumua uzi kwa meno. Alipoinua kichwa, karani alikuwa ameshamwingiza bwana mmoja mwenye suti.

"Zamu yenu imepita," karani alisema. "Mje mwezi ujao."

"Pini si hii hapa, imetoka!"

"Sasa mimi nifanyeje? Huyo ni mgeni wa mkubwa."

"Kumbe suti za wakubwa hazina zipu!" alisema bibi mmoja mwenye magongo kwenye benchi la wagonjwa. Benchi zima likacheka. Karani hakucheka.

Binti akamvuta mama yake mkono. "Twende zetu, mama. Mbona siumwi."

Alisema hivyo kirahisi, kama mtu aliyezoea. Mama akajua ni nani aliyemzoesha. Akaketi sakafuni, mgongo kwenye mlango.

"Mama, nitaita askari," karani alisema.

"Waite."

Binti akaketi kando yake, akaunyoosha mguu polepole. "Unauma, mama," akanong'ona.

Mama akaligeukia benchi, akapaza sauti. "Jamani, nisikieni. Pini ni yangu, na mimi ndiye niliyemwita mvivu. Naahidi mbele yenu na mbele za Mungu: mwanangu hatoki hapa bila kupimwa, na simnyamazishi tena."