Miezi Mitano ya Ilze Kalnina

Jina lilikuwa la mia mbili na kumi na nne kwenye orodha, na Hilary Oldroyd alilitambua kabla hajamaliza kulisoma. Kalnina, Ilze. Raia wa Latvia. Aliondoa mkono kwenye kitufe, na chai iliyokuwa pembeni ikapoa bila kuguswa.

Tangu nchi ijitoe kwenye Umoja wa Ulaya, sheria ilikuwa imewachambua upya wageni wanaopiga kura za halmashauri. Wengine walilindwa na mikataba ya nchi zao. Waliosalia, Ilze akiwa mmoja wao, walitakiwa wawe wameishi nchini kihalali kabla ya mwaka 2021, na uhalali huo usiwe umekatika tangu hapo. Kazi ya Hilary, katika ofisi ya uandikishaji ya mji mdogo wa Marbeck, ilikuwa kupitia majina hayo moja moja, kutuma barua, kusubiri majibu, na kufuta. Miezi mitatu alikuwa ameifanya bila kukosa usingizi. Sheria ni msumeno, alizoea kuwaambia wenzake, na msumeno hauulizi mti ulipandwa na nani.

Ilze alikuwa ameijaza fomu kwa herufi kubwa zilizonyooka. Penye swali la kukatika kwa uhalali, ambapo wengi huweka alama ya hapana na kupita, yeye aliandika: "Ndiyo. Miezi mitano. Nilichelewa kuomba kibali. Nilikuwa namuuguza mgonjwa."

Mgonjwa huyo alikuwa mama mzazi wa Hilary.

Miaka miwili Ilze, aliyeajiriwa na Hilary, alilala chumba cha nyuma nyumbani kwa yule mama, akimlisha, akimgeuza, akimwimbia nyimbo za kwao. Juni ya mwaka 2021, pasipoti ya Ilze ilikuwa imekwisha muda, na bila kwenda ubalozini London asingeweza kuomba kibali cha kuendelea kuishi nchini.

"Hilary, naomba siku mbili tu. Mwisho ni tarehe thelathini."

"Wiki ijayo, Ilze. Leo mama hajatia kitu mdomoni."

Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo. Mama alifariki Novemba. Desemba Ilze akaomba kibali, akapewa, wakaachana kwa kukumbatiana mlangoni. Na ile miezi mitano ikabaki nyuma yao kama shimo lililofunikwa kwa majani.

Hilary aliipeleka fomu kwa mkuu wake, Bwana Thackray.

"Mbona umeniletea hii?" aliuliza baada ya kuipitia. "Iko wazi. Futa."

"Ameomba kusikilizwa."

"Basi mpangie siku."

Angeweza kugeuka na kutoka. Mlango ulikuwa hatua mbili tu nyuma yake.

"Mgonjwa aliyemtaja ni mama yangu," alisema. "Mimi ndiye niliyemnyima ruhusa."

Bwana Thackray alivua miwani, akaifuta polepole kwa ncha ya tai. "Basi siku hiyo hutaandika kumbukumbu. Utakaa upande wa pili wa meza."

Walisikilizwa Jumanne. Ilze alikuja na koti lake la kijivu, akaketi bila kulivua. Hilary alieleza yote, ruhusa ilivyoombwa mara tatu na ilivyokataliwa mara tatu, na kila sentensi ilimtoka kama mwiba unaong'olewa. Ilze alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe.

"Bi Kalnina," alisema Bwana Thackray, "hakuna aliyekufunga kamba. Ungeweza kwenda tu."

"Na yule mama ningemwachia nani? Wewe?"

Mzee Thackray alifungua kitabu cha sheria. Alisoma kifungu, akakirudia, kana kwamba anatafuta ufa wa kupenyeza huruma. "Sheria hii inauliza kama uhalali ulikatika. Haiulizi kwa nini. Nitalazimika kuliondoa jina lako. Unaweza kukata rufaa mahakamani."

"Mahakamani niseme nini? Miezi mitano ni miezi mitano."

Hilary alimfuata kwenye ujia. Usiku kucha alikuwa amepanga maneno ya kuomba radhi. Ilze ndiye aliyeanza.

"Nimekusikia mle ndani. Ahsante. Ila kuna kitu hukukisema." Sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Miaka hii yote najiambia, Hilary ana mama mgonjwa, amechanganyikiwa, hajui uzito wa ile tarehe. Ulikuwa unajua?"

Ile tarehe ilikuwa imebandikwa ukutani ofisini, juu ya meza yake, tangu Januari ya mwaka ule. Kama angelikana hilo, Ilze asingejua kamwe.

"Nilikuwa najua," alisema Hilary. "Niliogopa ukienda hutarudi."

Ilze alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, hadi shingoni. "Ningerudi," alisema, akashuka ngazi.

Mwezi Mei, siku ya kura, Hilary alisimamia kituo kilichowekwa katika ukumbi wa kanisa. Mvua ilikuwa ikinyesha. Karibu na adhuhuri, Bi Enid Sugden, kikongwe wa mtaa wa juu, aliingia akiegemea gongo.

"Nani amekuleta, Bi Enid?"

"Ilze wangu. Namwambia aingie, kashupaa kama punda."

Hilary alimwachia mwenzake meza, akatoka. Ilze alikuwa amesimama chini ya upenu mwembamba, bega moja likilowa.

"Unaruhusiwa kuingia, Ilze. Kumsaidia tu unaruhusiwa."

"Najua. Nimesoma."

Hilary alirudi ndani, akabeba kiti, akakiweka mahali pakavu kando ya mlango. Ilze alikitazama kwa muda. Kisha akauweka mkoba wa Bi Enid juu yake, taratibu, ili usilowe, akaendelea kusimama.