Mkanda Uliosubiri Zamu

Asubuhi ile kamati ilikuwa ikijadili neno moja. Neno lenyewe lilikuwa "yafaa", na Wietske Dijkema alitaka liondolewe, mahali pake liwekwe "lazima". Sentensi nzima ilisema kwamba kila kifaa cha waifai yafaa kiache kipande kidogo cha hewa, yaani cha masafa ya mawimbi, wazi kwa ajili ya vifaa vya watu wanaoomba msaada. Katika lugha ya kamati, yafaa maana yake ni ukipenda. Lazima maana yake ni lazima. Wahandisi wale wa viwango vya mtandao usiotumia waya walikuwa wameng'ang'ana na neno hilo tangu Wietske alipokuwa na mume aliye hai.

Walikuwa ukumbini mwa hoteli moja kando ya barabara kuu, nje kidogo ya Utrecht. Mvua ilinyesha juu ya maegesho. Kamati haina makao. Kila baada ya miezi miwili hukutana katika hoteli nyingine, nchi nyingine, na hoteli zote hizo zina zulia lilelile la kahawia. Safari hii zamu iliwaangukia Waholanzi, kwa hiyo Wietske alikuja na baiskeli yake.

"Mwenyekiti," alisema Bram Teulings bila kuinuka kitini, "tukisema lazima, kesho kila kitu kitajifanya mgonjwa. Birika litaomba msaada. Friji ya mama mkwe wangu italia usiku kucha kwamba inakufa, na ninavyoijua, itakuwa inasingizia."

Ukumbi ukacheka. Wietske naye akatabasamu, kwa sababu Bram alikuwa mcheshi na walisoma pamoja chuo kikuu cha Delft. Siku hizi alifanya kazi katika kampuni ya chipu, na kwa kampuni ya chipu hewa inayoachwa wazi ni hewa isiyouzwa.

"Friji ya mama mkwe wako ina akili kukuzidi," Wietske alimjibu kwenye kipaza sauti. "Mimi nasema habari za watu."

"Watu nao wamo ukumbini," alisema mwenyekiti, Dwight Amundsen, Mmarekani mpole wa Minnesota aliyezipenda kanuni kama wengine wanavyopenda mbwa. "Tutapiga kura Alhamisi. Sasa tunywe kahawa."

Watu wenyewe walikuwa safu ya nyuma. Wa kwanza, ukihesabu kuanzia mlangoni, alikuwa Sjoerd, mume wa Wietske, aliyefariki miaka miwili iliyopita.

Sjoerd alikuwa na moyo mbovu. Daktari alimvalisha mkanda wa kifuani ambao, moyo ukiyumba, hupeleka habari kwa njia ya hewa hadi kwenye kisanduku kilicho karibu na mlango, na kisanduku huita gari la wagonjwa. Mkanda ulikuwa mzima. Lakini chombo chochote cha waifai kabla ya kusema hutakiwa kusikiliza kwanza. Kikisikia mwingine anasema, kinanyamaza na kungoja zamu. Ni adabu nzuri. Jumapili ile timu ya mji ilikuwa uwanjani, na katika ghorofa zote za Overvecht, mtaa wao wa Utrecht, watu walikuwa wakitazama mechi, kila nyumba na ruta yake, kila ruta ikipiga domo. Mkanda ulisikiliza, ukakuta hewa imejaa, ukangoja. Wietske alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Aliporudi, mpira ulikuwa umekwisha, hewa imetulia, na kisanduku ndiyo kwanza kinaanza kulia.

Sjoerd alitokea mara ya kwanza katika kikao cha Vancouver, na sweta yake ya kijivu na soksi bila viatu. Binti wa mapokezi alimuuliza Wietske jina la mgeni wake, akamchapia kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Kuna mjumbe aliyeuliza kama jambo hilo linaruhusiwa. Dwight alifungua kanuni, akasoma, akafunga.

"Kanuni zinataka mjumbe awe mtu binafsi," alisema. "Hazimtaki apumue."

Baada yake walikuja wengine: mzee wa Busan aliyeanguka bafuni, mwalimu wa Leeds, mama mmoja wa Tulsa aliyekuwa bado na taulo kichwani. Wote walikuwa wameita na mwito wao ukawekwa foleni. Waliketi kimya, vikombe vya kahawa mikononi. Hawakunywa, walipenda ule uvuguvugu. Na kwa kuwa katika kamati ile mtu anayehudhuria vikao bila kukosa hupewa haki ya kupiga kura, wafu, ambao hawana mahali pengine pa kwenda, walipewa kadi za kupigia kura kabla ya wazima wengi.

Shida ilikuwa kwenye mazungumzo. Sauti zao hazikufika papo hapo. Sjoerd alisema neno, midomo ikaonekana inakwenda, na neno lenyewe likabaki likingoja hewa ipate nafasi. Huko Vancouver alimwambia Wietske kwamba amepungua mwili, naye akalisikia wiki iliyofuata, ndani ya treni, katikati ya malisho ya Friesland ambako hakuna kitu ila ng'ombe. Aligeuka kumjibu, akamkuta kondakta.

Hivyo waliishi. Hasa wiki ile ya Utrecht, Sjoerd alilala nyumbani Overvecht, asubuhi akakaa nyuma ya baiskeli kwenye kibebeo, mwepesi kama mfuko mtupu. Wietske hakumsimulia mtu, lakini aliendesha polepole kuliko kawaida.

Zaidi ya hayo, kwa mara ya kwanza, alikuwa na matumaini. Hoja hupita kwa robo tatu ya kura. Kampuni ya Bram na marafiki zake siku zote walitosha kuiangusha, lakini siku zote hizo wafu hawakuwepo. Sasa walikuwepo, na nani angepigia kura hoja hii kama si wao?

Alhamisi asubuhi walikaa mezani. Wietske alikula mkate na jibini. Sjoerd, upande wa pili, alianza kusema. Alisema kwa muda mrefu, akainamia meza, akaweka mkono juu ya wake, mkono usio na joto wala baridi. Alionekana kama mtu anayeomba kitu. Wietske alidhani anamtakia heri. Alitikisa kichwa kukubali, mara moja, kisha tena, naye Sjoerd akashusha mabega kama aliyetuliwa mzigo.

"Haya, twende," Wietske alisema. "Leo tunawamaliza."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Dwight alisoma hoja kwa sauti yake ya kanisani, akaomba wanaoikubali wanyanyue kadi. Wietske alinyanyua yake, na kadi nyingi zikanyanyuka pamoja nayo huku na huku. Hakugeuka nyuma. Alitaka kuona uso wa Bram kwanza, na Bram alikuwa akimenya chungwa.

"Wanaoikataa."

Ndipo alipogeuka. Safu ya nyuma nzima ilikuwa imenyanyua kadi. Mzee wa Busan, mwalimu, mama wa Tulsa aliyeishika taulo kwa mkono mwingine isidondoke. Sjoerd alikuwa amenyanyua yake sawasawa na bega, kama mwanafunzi asiye na hakika ya jibu, na alimtazama mkewe machoni bila kukwepa.

"Hoja imeanguka," alisema Dwight. "Neno litabaki yafaa. Ajenda inayofuata ni chakula cha mchana."

Bram alimfuata kwenye korido, penye meza ya kroketi za nyama za kukaanga na maziwa ya mtindi. Alikuwa amebeba sahani mbili, akampa moja.

"Wiets, usinitazame hivyo. Sikumhonga mtu."

"Umewapa nini?"

"Tuliwauliza wanachotaka, basi. Kumbe hakuna aliyewahi kuwauliza." Alisita. "Hata wewe, samahani, hukuwauliza."

"Ningesikiaje jibu, Bram? Linafika baada ya siku sita!"

"Ndiyo hilo walilolitaka. Kusikika. Kampuni ina njia yake ya pembeni, kwa ajili ya wateja wakubwa: hospitali, benki, watu wa namna hiyo. Haingoji foleni. Kufikia jioni wote watakuwa humo. Mzee wa Busan, tuliyemjaribishia, tangu juzi anaongea na binti yake kila jioni, anamgombeza kuhusu kabichi. Ungemwona anavyofurahi."

Wietske aliweka sahani mezani. "Kwa hiyo hewa ya kuacha wazi ipo."

"Ipo," alisema Bram, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuwa akifanya mzaha. "Siku zote ipo. Ila siyo lazima."

Wietske hakungoja vikao vya alasiri. Alichukua baiskeli, naye Sjoerd akaja akakaa kwenye kibebeo, na mkewe hakumkataza. Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alifuata mto Vecht kuelekea kaskazini, akaacha ghorofa nyuma, akafika penye mashamba na mitaro. Hapo hewa ilikuwa tupu. Na hapo maneno ya asubuhi yakamfika sikioni, yote, kwa mpangilio wake, na mlio wa kisu chake mwenyewe kikipaka siagi.

"Wiets, nataka nikuombe kitu, na ukikataa sitakifanya. Bram ametuahidi njia. Tukiikubali, tunapiga kura na wao. Najua hoja hii ni yako, najua umeing'ang'ania kwa ajili yangu. Lakini mimi nimeshakufa, mpenzi. Nimechoka kuchelewa. Nataka nikisema chumvi imezidi, unisikie chakula kikiwa bado mezani. Nikikuona umetikisa kichwa kukubali, nitajua umeniruhusu. Usiponiruhusu, nitanyanyua kadi pamoja na wewe, na sitakulaumu."

Kisha kukawa na bata mmoja tu.

Wietske alisimamisha baiskeli. Alikaa kwenye nyasi mbichi, mvua ikimlowesha mabega, akalia kama watu wanavyolia wakiwa peke yao. Sjoerd alisimama kando ameishika baiskeli isianguke, ingawa hakuwa na uzito wa kuizuia, na ilianguka.

Jioni alipika viazi na kabichi ya kuponda. Alisimama dirishani akitazama ghorofa za jirani, madirisha yote yakiwaka rangi ya buluu, kila nyumba na ruta yake.

"Viazi vinaungua," alisema Sjoerd.

Alisema, na sauti ikasikika pale pale. Wietske alikimbilia jiko, akaondoa sufuria. Vilikuwa vimeshika chini kidogo tu.

Walikaa. Mwanzoni walisema habari za mvua, na za dada yake Sjoerd, yule wa mji wa Sneek, aliyeuza boti. Baadaye Wietske akauliza.

"Siku ile, kabla... ulisema kitu?"

"Nilikuita."

"Ukasema nini?"

"Jina lako tu. Kisha nikakumbuka Jumapili una kwaya, nikanyamaza nisikusumbue."

Wietske alicheka, na kicheko kikaishia vibaya. Sjoerd alimngoja amalize. Ghorofa ya juu mtu alikuwa akikohoa, na mahali fulani chini yao televisheni ilishangilia bao.

"Ungeinyanyua kadi pamoja nami," Wietske alisema, "hoja bado ingeanguka?"

"Bram alisema ingepita kama sisi wote wa nyuma tungekubali. Mimi peke yangu, hapana."

"Basi umenipotezea nini?"

"Sijui," alisema Sjoerd. "Ndiyo maana nilikuomba ruhusa."

Kikao kilichofuata kilikuwa San Antonio. Wietske aliileta hoja tena, maneno yaleyale. Mlangoni alikuwepo mgeni, mwanamke wa makamo mwenye aproni yenye unga, ambaye hakujua asimame wapi. Wietske alianza kumwendea, lakini Bram alikuwa amefika kwanza na kikombe cha kahawa ya moto, amemshika kiwiko kwa upole, anamwonyesha kiti.

Dwight alitazama saa, akasema muda hautoshi. Hoja ya Bibi Dijkema itasikilizwa kikao kijacho, huko Honolulu. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Wajumbe wote, wazima na marehemu, wakainama wakaandika tarehe.