Mitungi ya Walinzi wa Pumzini

Nchi ya Pumzini haina mito wala milima. Ina mabonde mawili yanayojaa upepo na kuumwaga kutwa kucha, na ndani yake vyumba vidogo visivyo idadi, kila kimoja na dirisha jembamba la kuingizia upepo safi na kutolea mchafu, na kwa kazi hiyo tu wananchi wote wanaishi. Juu yao wako watawala, yaani sisi Walinzi, tunaokula kabla ya wote na kusifiwa kuliko wote, hasa na sisi wenyewe. Jemadari wetu ni Makeke. Mimi ni mbeba mtungi wake, cheo ambacho huwatajia hata watu wasioniuliza.

Mtungi huo una maji makali yanayounguza chochote. Vijidudu vikivamia, Makeke hupuliza baragumu, nasi hukimbia kuvimwagia. Mila yetu ni moja: mlinzi aliyeitwa harudi na mtungi uliojaa. Majirani watasema hakupigana, na aibu hiyo nani aibebe?

Siku moja baragumu lilituita mtaani kwa Bi Rehani, mtunza madirisha. Tukafika maelfu, tukisukumana mlangoni, kila mmoja akitaka kuonekana wa kwanza.

"Yuko wapi adui?" Makeke akafoka.

"Adui gani, Jemadari? Chembe ya vumbi tu, nimeshaifagia."

Tukatazamana. Kisha tukamwaga. Tuliunguza sakafu, kuta na fremu za madirisha. Walinzi wa mitaa mingine walipoona moshi wakasema kumbe vita vipo, wakaja na mitungi yao. Nyuma yao wakaja mafundi wetu, wakaziba kila palipoungua kwa udongo mgumu usiopitisha upepo. Tuliuita ukarabati, na mimi nikautungia wimbo.

"Wimbo wako mtamu, mwanangu," Bi Rehani aliniambia, akihema. "Lakini dirisha limebaki moja, na wajukuu zangu wanagombania pumzi. Mwambie mkubwa wako apulize baragumu la kurudi."

Nilikwenda, baada ya kurekebisha ubeti wa pili.

Nilimkuta Makeke ameegemea ukuta, midomo imegeuka buluu kama yangu. Kwa mara ya kwanza hakubisha. Akaliweka baragumu kinywani, akavimbisha mashavu, akapuliza. Kimya. Akanipa mimi, nami, mtunzi wa nyimbo, sikutoa hata mluzi. Pumzi ya kupulizia ilikuwa ikitoka kwenye madirisha yale yale.

Wakati huo walinzi wapya wakaingia mbio. Hawakuwahi kumwona Jemadari. Waliona viumbe wawili wa rangi ngeni, wakikoroma.

"Mama, yuko wapi adui?" wakauliza.

Bi Rehani, mgongo wake kwenye dirisha la mwisho, akatutazama mimi na Makeke. Nilitaka kusema kwamba hakuna adui, lakini sauti haikutoka.

Mitungi yao ilikuwa imejaa.