Mzunguko Usiopitia Wamagana

Nimefundisha jiografia miaka thelathini na mitatu. Nakuambia hayo mapema ili ujue kwamba makosa utakayoyasoma hapa hayakufanywa na mtu asiyejua ramani. Yalifanywa na mtu anayejua ramani sana na asiyejua baiskeli hata chembe.

Watoto wangu, wanafunzi wangu na karibu nusu ya waumini wa kanisa letu hapa Kamakwa, Nyeri, wanajua kwamba Mwalimu Theuri, alipokuwa mtoto, aliendesha baiskeli kila siku kutoka kwao Wamagana hadi shuleni, kilomita sita kwenda na sita kurudi, mvua inyeshe isinyeshe. Wanajua kwa sababu niliwaambia. Niliwaambia siku ya kufunga shule, siku ya kufungua, na siku yoyote mtoto aliponiomba nauli. Zamani zilikuwa kilomita tatu. Kila nilipopandishwa cheo shule nayo ilisogea mbele kidogo, na nilipofanywa naibu wa mwalimu mkuu ilikuwa imefika sita.

Kitinda mimba wangu, Wendy, aliimeza hadithi hiyo nzima nzima. Akiwa na miaka tisa alilia hadi akanunuliwa baiskeli. Leo ana ishirini na saba na anafanya kazi katika hoteli moja ya Nanyuki, akiwaongoza wageni wanaopenda kuendesha baiskeli wakiutazama mlima. Hoteli imeweka picha yake kwenye mtandao, na chini ya picha ameandika kwamba mapenzi ya baiskeli aliyarithi kwa baba yake. Kagure, mke wangu, alinisomea maneno hayo kwa sauti, akanitazama juu ya miwani, kisha akaendelea kumenya minji.

Mimi sijawahi kuendesha baiskeli. Basi, nimesema.

Nilistaafu mwisho wa mwezi wa nne. Wiki mbili baadaye Wendy akapiga simu.

"Baba, nimepata off Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Nakuja na baiskeli, mimi na wewe tu. Hiyo ndio zawadi yako ya retirement. Wewe chora route, loop ya kuzunguka Nyeri, si wewe ndio mtu wa ramani?"

"Hakuna shida," nikajibu, kwa sauti ya mwanamume mwenye magoti mazuri.

Nilikata simu. Nilijiuliza nitamwambia nini mtoto ambaye amejenga kazi yake yote juu ya uongo wangu. Basi nikaamua kupanga. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya kanisa anajua kwamba jambo likipangwa sana huwa halifanyiki.

Nilitoa karatasi za mraba, rula na penseli za rangi. Mzunguko wa kwanza ulianzia nyumbani Kamakwa, ukaingia mjini, ukazunguka King'ong'o, ukarudi kwa njia ya Ruring'u. Niliupima kwa gari langu kuukuu, nikaona ni tambarare kabisa, nikaupiga picha na kumtumia Wendy pamoja na maelezo ya kurasa mbili.

"Baba," akaniambia jioni, "hii yako iko na mlima mbaya sana. Ukishuka pale mtoni, utapanda mpaka roho itoke."

"Mimi sikuona mlima wowote."

"Ulipita na nini?"

Miaka thelathini na mitatu nimesimama mbele ya watoto nikiwaeleza kwamba mistari ya kontua ikikaribiana, hapo pana mteremko mkali. Nyeri yote ni mabonde. Barabara isiyoshuka mtoni basi inapanda kutoka mtoni. Lakini gari ndilo lililokuwa likipanda. Mimi nilikuwa nimekaa.

Nikachora wa pili, na huo nilitaka uteremke tu, mwanzo hadi mwisho. Nilikesha juu yake siku nne. Siku ya tano, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nikagundua kwamba njia inayorudi palepale ilipoanzia haiwezi kuwa ya kuteremka tupu. Jambo hilo darasa la sita wanalijua. Niliwapiga viboko kwa kutolijua.

Niliendelea. Kufikia mwisho wa mwezi wa tano nilikuwa na mizunguko saba, orodha ya mbwa wakali kwa kila mtaa na ratiba ya mvua. Wendy akaitazama yote, halafu akauliza swali nililokuwa nikilikimbia.

"Baba, mbona hakuna hata moja inapita Wamagana? Mimi nataka kuona hiyo barabara yako. Halafu tusalimie Tata."

"Wanatengeneza barabara," nikasema.

"Nilipita huko wiki jana. Hakuna mtu anatengeneza kitu."

"Wataanza."

Tata ni shangazi yake, dada yangu Watiri, na yeye ndiye sababu ya penseli yangu kuikwepa Wamagana mara saba. Baiskeli ilikuwepo, hilo ni kweli. Ilikuwa nyeusi, na baba aliinunua kwa ajili ya kupeleka maziwa. Aliyeiendesha ni Watiri. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mguu wake haukufika vizuri chini, na aliipanda milima ile bila kushuka. Mtungi mmoja wa maziwa ulining'inia kushoto, mwingine kulia, na kwenye keria nyuma ya kiti, katikati, nilikaa mimi, mtungi wa tatu.

Alinipeleka shule miaka mitatu, halafu kila asubuhi akageuza na kurudi nyumbani, kwa sababu karo ilitosha mtoto mmoja na mtoto huyo akawa mvulana. Na hata shuleni hakunifikisha. Palikuwa na kona kabla ya lango, penye ua wa miiba. Hapo ndipo nilipomwambia asimame, wavulana wasije wakaona kwamba nimebebwa na msichana. Alisimama. Alisema, "Shuka," akaishikilia baiskeli hadi nikapangusa kaptura, na hakuniuliza hata siku moja kwa nini.

Nilipokuwa mtu mzima na nikaihitaji ile hadithi, nilimtoa kwenye kiti nikakaa mimi. Siku ya sherehe ya Wendy ya kuhitimu niliisimulia kwa kipaza sauti, mbele ya hema tatu zilizojaa watu. Watiri alikuwa safu ya pili na sahani ya pilau magotini. Watu wakageuka kumtazama athibitishe. Akasema, "Ni kweri. Hiyo baithikiri ilikuwa na nguvu." Kisha akaendelea kula. Naona aibu kuandika haya kuliko yote niliyoyaandika hapo juu.

Zikiwa zimebaki siku kumi, nilimwendea Sulemani, fundi wa baiskeli kule Majengo, nikamwomba anifundishe kwa siri. Sulemani ni rika langu, na mwanawe Jamal nilimfundisha. Aliweka spana chini.

"Mwalimu, kumbe hujui?"

"Nimesahau."

"Baiskeli haisahauliki." Alifuta mikono kwenye kitambaa. "Jamal alikuwa akitembea hadi shule huku akijiona mvivu kwa sababu yako. Anasema, baba, mwalimu alikuwa akipiga kilomita sita! Nami nikamwambia, basi kaza mwendo."

Tulikutana alfajiri kwenye kiwanja cha wazi, mimi nikiwa na koti la suti kwa sababu sina nguo nyingine ya asubuhi. Sulemani alishika kiti akakimbia nami, akipaza sauti, "Usitazame gurudumu! Tazama mbele!" Mimi nilitazama gurudumu. Siku ya tatu aliniachilia bila kuniambia, nikaenda mita kumi na moja. Nilizipima kwa hatua baadaye, kwa sababu sina haya. Mita ya kumi na mbili ilikuwa ndani ya ua wa mtu.

Sulemani alinitoa kwenye ua, akaninyoshea koti, akachomoa mwiba sikioni.

"Wanasema njia ya mwongo ni fupi," akasema. "Yako ilikuwa na kilomita sita. Umestaafu, Mwalimu. Na huo uongo ustaafishe."

Jumamosi ikafika, na haikunyesha, ingawa ratiba yangu iliahidi mvua. Wendy aliingia na pikapu ya hoteli. Nyuma kulikuwa na baiskeli moja ya kawaida, na nyingine ndefu yenye viti viwili na pedali mbili mbili, ile wanayopewa maharusi wazungushwe kwenye bustani.

"Hii ni yetu!" akasema, akiishusha. "Ingine ni spare. Baba, wewe kaa mbele, mimi nyuma. Unipeleke vile ulikuwa unaenda shule."

Alikuwa ameshika fulana mbili mkononi, moja yake na moja yangu, na yangu ilikuwa na jina langu mgongoni. Nilitazama kile kiti cha mbele. Ningeweza kusingizia mgongo. Nilikuwa hata nimemwandaa Kagure aseme kwamba mgongo unaniuma, naye alikuwa amekataa. Sasa alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, akingoja kuona nitasema nini.

"Wendy," nikasema, "mimi sikukaa mbele."

"Ati?"

"Nilikaa kwenye keria. Sijui kuendesha. Sijawahi kujua."

Alicheka, akangoja nami nicheke. Niliponyamaza, uso wake ukabadilika. Akakaa kwenye ukingo wa pikapu, fulana zote mbili magotini.

"Na nani alikuwa anaendesha?"

"Watiri. Alinipeleka hadi kwenye kona, nikamwambia anishushe watu wasione. Halafu akarudi nyumbani. Hakuwa anasoma."

Akazikunja fulana, akazikunjua. Nimeshika karatasi za mtihani wa taifa mkononi, nimezika wazazi wangu wote wawili, lakini sijawahi kuogopa kimya kama kile. Nilijiona mdogo kuliko yule mtoto wa kwenye keria.

"Mimi huwaambia wageni hiyo story kila wiki," akasema mwishowe. "Kila wiki, Baba. Na Tata akija Nanyuki kunitembelea namwacha amekaa kwa gate akiangalia baiskeli, nikidhani hajui hata kupanda."

Nikasema pole, likasikika dogo. Wendy akapangusa macho kwa fulana, na fulana aliyochukua ilikuwa ile yenye jina langu.

"Leta hiyo ramani yako," akasema. "Leta na penseli."

Nilimletea karatasi ya saba, ile safi kuliko zote. Akaiweka juu ya boneti, akanipa penseli nyekundu, akasema neno moja: "Chora." Nikachora hadi Wamagana. Mkono wangu uliijua ile njia bila rula.

Tulikwenda na pikapu, baiskeli nyuma. Watiri alikuwa zizini akiwakatia ng'ombe majani, buti za mpira miguuni. Ana miaka sitini na saba.

"Tata," Wendy akasema kabla hata ya salamu, "leo Baba amesema ukweli."

"Ako nao?" Watiri akauliza, akaweka panga chini.

Wendy akamweleza. Watiri hakunitazama muda wote huo. Alikuwa ameisogelea ile baiskeli ndefu. Akapapasa usukani, akabonyeza breki, akainama kuchungulia mnyororo. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno tangu Kamakwa, hotuba nzima yenye utangulizi, nikabaki na robo yake.

"Watiri, nilikukosea. Nilikunyima hata kiti chako."

"Nilikuwa nasikia ukiongea," akasema. "Nilikuwa nangoja uchoke."

Akakaza kitambaa kichwani, akaingiza sketi ndani ya suruali ya michezo aliyovalia chini, akapanda kiti cha mbele na buti zake. Wendy akamshikia. Akazunguka uani peke yake, kiti cha nyuma kitupu, usukani ukicheza, kuku wakitawanyika. Mara ya pili usukani ukatulia. Mara ya tatu alikuwa akicheka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto. Akasimama mbele yangu.

"Panda."

Nikapanda nyuma. Wendy alitufuata na ile nyingine, akipiga kelele za maelekezo kana kwamba sisi ni wageni wake wa kutoka ng'ambo.

Kati ya mizunguko yangu saba hakuna tuliouendesha. Tulikwenda njia moja tu, kutoka langoni kwa Watiri hadi shuleni. Kwenye kijito tulishuka tukasukuma, sote watatu tukihema, na Wendy akatangaza umbali kwenye simu yake. Zilikuwa kilomita mbili na nusu kutoka langoni hadi shuleni. Hata zile tatu za mwanzo nilikuwa nimezitia chumvi.

"Unakanyaga ama umekaa tu?" Watiri akauliza tulipopanda tena.

"Nakanyaga."

"Sisikii kitu. Hata hiyo time ulikuwa mzito hivyo hivyo."

Halafu tukaiona kona. Ua wa miiba ulishang'olewa, sasa kuna ukuta wa mawe, lakini kona ni ile ile. Watiri akapunguza mwendo bila kuambiwa. Akashusha mguu chini, akaishikilia baiskeli wima, kama alivyokuwa akifanya.

"Kuna vijana wanacheza mpira hapo kwa gate," akasema bila kugeuka. "Shuka."

Sikushuka.

"Waache waone," nikasema. "Nifikishe langoni, Watiri."

Alikaa kidogo, mguu wake bado uko chini. Kisha akakanyaga.