Simu Ndani ya Sufuria

Losaline alipochoka kuongea na vichwa vilivyoinama, alitoa amri: chakula cha jioni kikiiva, simu zote ndani ya sufuria, kifuniko juu, mpaka asubuhi. Nyumba yao ya mjini Logan, ughaibuni, ikajaa manung'uniko.

"Sasa tufanye nini?" aliuliza binti yake, Kalo.

"Mle. Mkishiba, mtazamane."

Kalo na kaka yake Maka walizitoa shingo upande. Aliyegoma ni bibi yao, Fusi, mama mzazi wa Losaline, aliyehamia kwao kutoka Tonga mwaka uliotangulia. Yake aliikalia.

"Bibi anaatamia!" Maka alicheka. "Tungoje vifaranga."

"Mama, tafadhali," alisema Losaline. "Sheria ni msumeno."

Fusi akaitoa. Tangu jioni hiyo akawa anadokoa chakula, anasingizia kichwa, anakwenda kulala. Watoto walianza kutaniana mezani kama zamani, Losaline akajipongeza kuwa dawa imeingia. Ya mama yake aliyaita uzee.

Mpaka jioni moja alipompelekea chai. Nje ya mlango akamsikia anaimba sauti ya pili peke yake, akinyamaza pale ambapo wengine wangeitikia.

"Unaimba na nani, Mama?"

"Na kwaya ya nyumbani. Saa hizi wako mazoezini. Mdogo wako alikuwa ananishikia simu huko, naimba nao." Akapokea kikombe. "Sasa wao wanaimba bila mimi, na mimi bila wao."

Losaline akaketi kitandani. Alikuwa amezikusanya simu zote, asiulize hata mara moja kila mtu alikuwa na nini ndani ya yake.

Jioni iliyofuata aliiegemeza simu ya Fusi kwenye bakuli la majani ya magimbi yaliyoungwa kwa tui. Wanakwaya wakatokea, wakampigia vigelegele mzee wao.

"Yule anayesinzia ni nani?" aliuliza Kalo.

"Mjomba wenu Hopoate. Ana sauti ya nne. Ngoja aamke."

Kalo akasogeza kiti. Maka akakunja uso.

"Basi na mimi nicheze kwenye simu na binamu zangu wa Auckland. Nao si ndugu?"

Losaline akamgeukia. "Sijui bado, mwanangu. Kesho tukae wote tuzungumze."

Wakazungumza, kwa kelele nyingi. Maka alipewa Jumamosi mchana, kwa sharti Bibi akae kando yake awajue hao binamu. Maka alilalamika wiki ya kwanza tu.