Meza ya Dirishani

Hii ilikuwa sahani ya tatu ya rojo la maharage, na saa saba ya mchana haijafika. Mwenye mkahawa, Crocifissa, alikuwa amemkalisha Mzee Gaspare dirishani, kwa sababu wageni wanaopanda mlimani kutafuta chakula cha kienyeji huchungulia kwanza. Wasipomwona mzee wa mji akila, wanapita.

"Dada, nimeshiba mpaka kooni."

"Na mimi nimechoka kupika, kaka. Kula."

"Halafu hakina chumvi."

"Wageni hawataki chumvi."

"Si umwite mzee mwenzangu Nunzio naye akae?"

"Nunzio na wenzake wanakula kwao. Wanasema siku hizi napikia wageni. Umebaki wewe tu."

Gaspare akautazama mlango. Kwake hakuna aliyewasha jiko tangu mkewe afariki.

Nje, mume na mke waliovaa kofia wakasimama, wakamwona, nyuso zikakunjuka. Wakaingia, wakamwonyesha Crocifissa sahani ya Gaspare: wanataka hiyohiyo. Kisha mwanamke akainua simu, akampiga mzee picha. Akaitazama, hakuridhika, akamwashiria arudishe kijiko mdomoni.

Gaspare akafungua kinywa.